Moyo wa Dada Mezani

Kazini walimwita Matundu, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kutoboa vipande vya silikoni, ile ile inayotengenezewa vifaa vya simu, ila matundu yake huyaoni bila hadubini kali. Huyapanga safu kama shanga. Mwanga wa leza ukiingia katikati ya safu hunaswa, ukabaki unahangaika humo kama nyuki chupani. Na mwanga, japo hatuuhisi, husukuma. Kipande chenyewe ni chembamba mno, hata msukumo huo hukitikisa. Nacho kikitikisika, mwanga uliomo hubadilika. Kwa hiyo ukiupima mwanga, unajua kipande kimecheza kiasi gani, hata kiwe kimecheza kidogo kupita akili.

Dada yake, fundi cherehani, ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, dada aliacha shule akakalia cherehani ili mdogo wake asome. Kazi ya Matundu hakuielewa hata siku moja.

"Wenzio hutoboa wapitishe uzi. Wewe wapitisha nini?"

"Nanasa mwanga, dada."

"Haya, gunia likijaa uniletee."

Asubuhi moja dada alikuja maabara kujionea mwenyewe. Wakamvika koti jeupe, akapanda kwenye stuli, akaegemeza viwiko kwenye meza ya chuma. Papo hapo mstari wa kupimia mwanga kwenye skrini, uliokuwa umetulia tuli, ukaanza kurukaruka.

Matundu akasonya. Akakaza nyaya, akazima feni. Wapi! Mwisho akasema, "Dada, hebu inua mikono."

Mstari ukalala.

"Rudisha."

Ukaruka tena. Matundu akapiga makofi kwa furaha. "Ni moyo wako huo! Kipande kinausikia kupitia mezani!"

Wakacheka wote, hata mwenzake wa meza ya pili akaja kutazama. Lakini Matundu alipozidi kuukodolea macho ule mstari, akaacha kucheka. Pigo, pigo, kisha kimya. Kimya kirefu. Halafu mapigo matatu yakaja yakikanyagana. Kisha kimya tena.

Akaegemea yeye: mapigo yakaenda sawasawa. Akamwambia mwenzake aegemee: sawasawa. Dada akarudi mezani, na kile kimya kikarudi naye.

"Dada, umewahi kuanguka?"

Dada akajifanya anatengeneza kifungo cha koti. "Mara mojamoja. Nazinduka nakuta pasi imeunguza nguo ya mtu."

"Mara mojamoja? Na hukuniambia?"

"Ningekwambia ungeacha kazi yako uje kunikalia kichwani. Nakujua."

Matundu alimshika mkono akamkimbiza hospitali na lile koti la watu mwilini.

Daktari hakuelewa habari za mwanga na matundu, wala hakujali. Alimbandika dada nyaya zake kifuani, akatazama karatasi, akamwita nesi. "Mama huyu harudi nyumbani leo."

Dada akaanza kubisha. Alikuwa anasema ana nguo za harusi za kumalizia, na katikati ya neno "harusi" macho yakageuka, shingo ikalegea. Matundu akasukumwa ukutani. Aliona mikono ya manesi ikikandamiza kile kifua alichokuwa akilalia utotoni, asiweze kulia wala kupiga ukelele. Alisimama kama gogo. Hata dada alipokohoa na kuuliza nani kamvua viatu, Matundu alikuwa bado ameduwaa, nesi akamkalisha chini kama mtoto.

Walimtia dada kifaa kidogo chini ya ngozi, cha kuukumbusha moyo kazi yake. Akapona, akarudi kwenye cherehani akilalamika kwamba wateja wamehamia kwingine.

Matundu ndiye aliyechelewa kupona. Kwa muda mrefu, kila mstari wa skrini ulipotulia, jasho lilimtoka. Mwenzake akazoea kumtoa nje apate hewa. Mkubwa wao akapendekeza wafanye utafiti wa mioyo. Matundu akakataa katakata, bila kutoa sababu.

Alimwomba dada ahamie kwake. Dada akacheka: "Nipande ngazi zile na moyo wa kukumbushwa?" Basi akahama yeye. Sasa analala chumba cha nyuma ya duka la dada la ushonaji, katikati ya vitambaa, na dada anamgombeza kwa kuamka kila mara kuja kumsikiliza akipumua.