Rilizi ya Ghorofa ya Kumi na Tisa

Mimi nilipikia chai shirika la ndege lililokufa. Watu hawaamini nikisema hivyo, hasa hapa Doha, mahali ambapo ndege zinapita juu ya vichwa vyetu kutwa. Lakini lilikufa, nami nilikuwepo.

Lilikuwa shirika la taifa la nchi moja ndogo ya Ulaya. Ofisi yao ilikuwa West Bay, ghorofa ya kumi na tisa, vyumba vitatu na jiko dogo, wakiuza tiketi na nafasi za mizigo. Wafanyakazi wa chini tulikuwa wawili. Mimi nilikuwa farrashi, yaani mtu wa chai na gahwa, ile kahawa ya Kiarabu, na kubeba karatasi huku na huku. Mwenzangu alikuwa dada mmoja Mganda aliyefanya usafi. Aliniita Kenya, nami nikamwita Uganda. Huku Ghuba ndivyo tunavyoitana, nchi yako inakuwa jina lako.

"Kenya, hii chai umepika, ama umeosha sufuria ukatuletea maji yake?"

"Kunywa tu, Uganda. Kwenu hii wangeiita dawa."

"Kwetu wangekuitia polisi."

Ndivyo tulivyoanza kila asubuhi. Kazi yake hakuipenda, na hakuficha. Nyumbani alisomea ualimu wa watoto wa chekechea. Cheti chake alikiweka kwenye kabati la mifagio, nyuma ya chupa za sabuni, ndani ya karatasi ya nailoni. Akipangusa vioo aliimba zile nyimbo za kuhesabia vidole, taratibu, kama kuna watoto wamekaa chini kwenye zulia wanamfuatisha.

Meneja wetu alikuwa mzungu wa nchi hiyo hiyo, mtu mzima mwenye nywele nyeupe. Alilizungumzia shirika lake kama mtu anavyomzungumzia mama yake mgonjwa. Ilifika wakati chai yake ikawa inapoa mezani kila siku, yeye macho kwenye kompyuta. Habari zilikuwa zile zile: serikali yao imechoka kulilisha shirika, na mashirika makubwa ya nchi jirani yanazunguka yakilitazama. Aliniambia siku moja kwamba Ulaya nzima ndivyo inavyokwenda. Wadogo wanaingia ndani ya wakubwa, wanabakiziwa rangi kwenye mkia wa ndege, basi.

Nawajua wenye makosa. Mawaziri wa kwao walilitumia shirika miaka na miaka kuajiri shemeji zao, kisha wakashangaa kwamba halina nguvu. Wanunuzi walisema mbele ya kamera kwamba hakuna kitakachobadilika. Meneja alijua mapema kwamba ofisi yetu imo kwenye orodha ya kufungwa, akaendelea kutuuliza habari za nyumbani huku anatabasamu. Hao wote siwasamehe.

Lakini nataka kusimulia wiki moja tu.

Jumatatu ya wiki hiyo waliingia wageni wawili wa suti kutoka kwa wanunuzi. Nikapeleka gahwa na tende. Nikiwa nainama kumimina, nilimsikia meneja akiwaambia kuhusu sisi, mtu wa chai na mtu wa usafi. Kiingereza changu ni cha kuokota, shule niliacha darasa la sita. Lakini neno moja lilinirukia sikioni kama mtu ameniita: rilizi. Mwisho wa mwezi, na rilizi.

Asiyeishi huku hawezi kujua neno hilo lina utamu gani. Rilizi ni barua ya mwajiri inayosema, mwachieni huyu, anaweza kwenda kufanya kazi kwingine. Wanasema sheria imebadilika na siku hizi haihitajiki. Nenda basi kaombe kazi uone kama hawatakuuliza umekuja nayo. Nimewaona wanaume wazima wakiiombea kanisani kwa machozi.

Nilirudi jikoni mbio, trei mkononi. Uganda alikuwa akikamua tambara.

"Uganda! Tumepata rilizi. Wote wawili."

Aliacha tambara ndani ya ndoo. "Nani amesema?"

"Meneja mwenyewe. Mwisho wa mwezi."

Hapo akaniuliza swali ambalo nimelala nalo na kuamka nalo tangu siku hiyo. "Walisema wataturilizi, ama watatupa rilizi?"

Yeye alikuwa na Kiingereza cha darasani. Alijua hizo ni njia mbili. Mimi sikujua. Niliona kama ananidharau.

"Watatupa," nikasema. "Nimesikia kwa masikio yangu. Watatupa."

Hawakusema watatupa. Hilo nililiongeza mimi.

Sasa sikiliza kwa nini lilikuwa jambo kubwa. Wiki hiyo hiyo shule moja ya chekechea kule Al Rayyan ilikuwa imemwita. Mwalimu msaidizi. Walimpenda, wakaona cheti, wakampa mpaka Alhamisi adhuhuri alete nakala ya barua ya kuacha kazi, nao wahangaike na uhamisho. Aliogopa. Ukiacha kazi mwenyewe halafu bosi akakasirika, anaweza kukuzungusha mpaka nafasi ipotee na wewe upotee nayo. Barua alikwisha kuiandika. Ilikuwa mfukoni mwa aproni.

"Ungekuwa wewe, Kenya?"

"Ningengoja. Uende na rilizi mkononi, safi. Hao wa shule watakungoja, si wamekupenda?"

Alinitazama, akacheka. "Sawa, wakili wangu." Barua ikabaki mfukoni.

Alhamisi asubuhi, karibu saa tatu, alikuja mandubu. Huyu ni mtu wa kampuni anayeshughulikia vibali vyetu serikalini, Msudani mnene wa vicheko. Nilimpa chai, nikamshukuru kwa rilizi inayokuja. Akacheka mpaka akaweka gilasi chini.

"Rilizi gani, ya akhi? Hicho ni Kiingereza cha ofisi. Maana yake mnafukuzwa. Wanafuta visa, wanawapa tiketi. Khalas."

Niliuliza mara mbili. Alijibu mara mbili.

Uganda alikuwa chumba cha pili, juu ya ngazi fupi, anapangusa kioo kikubwa kinachotazama bahari. Nilimsikia anaimba. Kutoka nilipokuwa mpaka kwake ni hatua kumi na moja, nimezihesabu baadaye. Mpaka adhuhuri zilikuwa zimebaki saa tatu. Angeweza kumpa meneja barua, akashuka, akachukua teksi, akafika Al Rayyan na muda ukabaki.

Wageni wakaita gahwa. Nilipeleka. Nilipita nyuma yake. Nikarudi kuchukua tende, nikapita tena. Mara ya tatu aligeuka akaniambia, "Kenya, leo unatembea kama mwizi." Nikacheka. Kwani ningesemaje? Mimi niliyejigamba nasikia lugha ya wakubwa? Nilijiambia labda mandubu amekosea. Nilijiambia nimalize kwanza vikombe. Adhuhuri ikaadhiniwa msikiti wa chini, nikausikia mwili wangu ukitulia, kama mtu aliyevuka barabara. Huo utulivu ndio unaonitisha mpaka leo.

Jumapili tuliitwa, tukapewa karatasi. Alisoma yake mara moja, akaikunja. Alipiga simu shuleni. Walikuwa wameshachukua mwingine, Jumamosi.

"Wamegeuza maneno," aliniambia jikoni. "Wewe ulisikia vizuri, Kenya. Ni hao wa suti wamegeuza." Alinishika bega. Alikuwa ananifariji mimi.

Mimi nilibaki kwa ajili ya gahwa. Kampuni inayotunza jengo ilitaka mtu anayejua kuipika, mandubu akanisemea, vibali vikahama. Nafasi ilikuwa moja. Yeye aliondoka mwisho wa mwezi, kwa ndege ya shirika lingine.

Wiki chache baadaye walinituma ghorofa ya kumi na tisa kufungulia mafundi. Meza zimeondolewa, zulia lina alama za miguu ya meza. Simu waliisahau sakafuni, na ilikuwa inaita. Nikaiinua. Mzee mmoja, Kiingereza cha taratibu, anataka kujua kama ile safari ya asubuhi bado ipo. Nikamwambia hakuna. Akauliza, na ofisi? Nikamwambia hakuna. Akauliza, sasa wewe ni nani? Nikakata. Ikaita tena, nikaiacha iite. Na katikati ya mlio wake, naapa, nilisikia mtu anahesabu vidole upande wa dirisha. Sijapanda tena peke yangu. Wakinituma, nasema goti linauma.

Uganda alikaa kwao kidogo, kisha akapitia kwa wakala, akaenda nchi nyingine kufanya kazi za nyumbani. Alinitumia sauti kwenye simu, kwanza za utani, halafu fupi, halafu moja ambayo haina neno, kuna maji yanayotiririka tu na mlango unafungwa. Baada ya hiyo, hakuna. Wakala anasema alihama. Hasemi wapi.

Mwezi uliopita dada yake aliniandikia. Alipata namba yangu kwenye daftari Uganda alilomwachia. Aliuliza jambo moja: "Kaka, alituambia amepata kazi ya ualimu huko Doha. Kwa nini hakuichukua? Angekuwa hapo na wewe."

Nilimjibu siku hiyo hiyo, ujumbe mrefu. Niliwataja wote: mawaziri, wanunuzi, meneja, mandubu na kicheko chake, wakala. Niliandika vizuri kuliko ninavyoandika siku zote. Kila nililoandika ni kweli.

Akajibu: "Asante sana kaka. Mungu akubariki kwa kumwangalia dada yetu."

Sasa ameomba anipigie, amweke na mama yao kwenye simu, kwa sababu mama anataka kusikia sauti ya mtu aliyekuwa na binti yake siku zile. Nimewaambia Ijumaa, nikitoka kanisani. Nimeandika haya ili nijizoeze kulisema. Nimeshajaribu mara nne kwa sauti, chumbani kwetu mtaa wa Najma, wenzangu wakiwa kazini. Mara zote nne nimefika kwenye zile hatua kumi na moja, nikaanza kuzungumza juu ya meneja.