Kiungo Kutoka Lom

Zdravka Peeva hutengeneza meno ya bandia mjini Vidin, na kwa miaka sita alibishana na mtu ambaye hakuwahi kumwona. Metodi Kalchev alikuwa Lom, mwendo wa saa moja tu kwa gari, mstaafu aliyepima kina cha mto Danube maisha yake yote. Kila mmoja alikuwa na blogu yake. Mimi nilikuwa na ya tatu, ya kuchokozea.

Walikuwa na sharti moja: hakuna kunakili maneno ya mwenzako. Unajibu kwako, unaweka kiungo kinachoelekea kwake; yeye akikikubali, kiungo cha kurudi kinatokea chini ya maandishi yake. Msomaji alitembea kati ya nyumba mbili. Swali likiwa Lom, jibu lilikuwa Vidin.

Januari Metodi akafa. Kisha kampuni iliyohifadhi blogu yake ikatangaza kwamba blogu zake zote za bure zingefutwa mwisho wa Machi. Zdravka angebaki na majibu ya miaka sita yasiyo na maswali.

"Nakili, dada," nilimwambia kwa simu.

"Tulikubaliana. Nimgeuke sasa kwa kuwa hawezi kulalamika?"

Siku ya arobaini dada yake Metodi alibandika tangazo jipya la kifo mlangoni na kwenye nguzo za mtaa, kama tufanyavyo wote huku, akagawa ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka marehemu. Zdravka, aliyetumiwa nakala, aliliweka kwenye blogu yake: picha, jina, 1936–2009, na kiungo cha kuelekea kwa Metodi, kwa mazoea.

Kesho yake asubuhi akanipigia.

"Umekikubali wewe?"

"Nini?"

"Kiungo changu. Kimetokea chini ya ukurasa wa Metodi."

"Nitakikubali vipi? Nywila yake hakumpa hata daktari."

"Dada yake?"

"Dada yake aling'oa nyaya siku ya mazishi. Kompyuta iko ghalani, juu ya viazi."

"Basi ni mashine inayokubali yenyewe."

"Hiyo aliizima mwaka ule wa matangazo ya dawa za nguvu za kiume. Kila kiungo alikikubali kwa mkono wake."

"Usinitishe, mdogo wangu. Nina meno ya watu mezani."

Saa sita akapiga tena, sauti imeshuka. Kwenye blogu yake kulikuwa na kiungo kinachosubiri ruhusa, kutoka Lom. Kama kawaida kilikuja na mstari mmoja wa maandishi yaliyokituma. Akanisomea: "Zdravka amekosea. Nilizaliwa mwaka wa 1938."

Nilifungua ukurasa wa Metodi. Hapakuwa na andiko jipya. La mwisho lilikuwa lile la Desemba, kuhusu barafu.

Nikampigia dada yake, nikauliza kwa upole kama tangazo lina kosa la mwaka. Nilisikia kijiko kikiwekwa chini.

"Alijiongezea miaka miwili ili wamwajiri mtoni," alisema. "Alijua mama, nikajua mimi. Nani kakuambia?"

Nilisema nimesoma mahali.

Nilipomweleza Zdravka, hakusema lolote kuhusu mizimu. Ni mtu wa vipimo. Alifuta 1936, akaandika 1938, akabonyeza Kubali.

"Sasa nanakili," alisema.

"Na sharti?"

"Aliyeweza kulalamika amelalamika. Mwaka tu ndio uliomkera."

Alinakili siku nne, meno ya watu yakisubiri. Mwisho wa Machi ukurasa wa Lom ukawa mweupe. Miaka sita yote iko kwake sasa, swali na jibu, na chini ya tangazo la kifo kipo kile kiungo kisichoelekea popote. Nilimshauri akiondoe, maana wasomaji wanakibonyeza.

"Wabonyeze," alisema. "Huenda hajamaliza."