Nyama ya Kumuaga Onesphory

Machinjioni kwetu, njia ya kwenda Mikumi, kila mtu ananijua: Yassin, mkono kisu, mdomo wembe. Shule niliachia darasa la tano, tena kwa kuonewa, lakini ng'ombe namchuna kabla hujamaliza kikombe cha chai. Basi nikimsifu mtu, jueni anastahili, maana kwa kawaida sifa zangu huwa najiwekea mwenyewe.

Onesphory alikuwa mkaguzi wetu wa nyama miaka thelathini na mmoja. Saa kumi na moja alfajiri baiskeli yake imeshaegeshwa, koti jeupe, mabuti ya mvua. Anapasua ini, anaminya mapafu, anainama kunusa kama mtu aliyepoteza hela kwenye majani. Akiona kibaya hasemi sana: "Hii shimoni." Wenye mabucha walimchukia. Mmoja alimpelekea paja zima la Krismasi nyumbani. Akalirudisha na kuuliza limekaguliwa na nani. Mimi nikambatiza Baba Paroko, kwa sababu alikuwa akitutazama kama tumekosa kuungama.

Siku ya kustaafu kwake ofisi ikaandaa sherehe. Mkuu wa idara, Bwana Goodluck, kijana wa tai nyekundu, akatoa amri: anayeagwa ni bwana harusi, asisogelee jiko, apumzike nyumbani mpaka saa saba mchana. Sote tukaona hiyo ni heshima. Tukampumzisha mkaguzi, kisha tukachinja.

Mkaguzi mwingine yuko Mikumi, na hakuna aliyekumbuka kumpigia simu. Ng'ombe aliletwa kutoka Tindiga. Alikohoa mara tatu mbele yangu. "Vumbi la njiani hilo," nikatangaza, mimi bingwa. Nilipomfungua nikaona mapafu yana vinundu. Nikayatupa kwenye ndoo ya jirani anayekusanya mabaki ya mbwa wake, nikafunga mdomo. Wanangu, hadi leo nikikumbuka najionea kinyaa.

Saa saba Onesphory akaja na mkewe Raheli, aliyeshonewa gauni jipya kwa siku hii moja. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia mzee yule ahsante hadharani. Cheti kilikuwa mezani, kwenye fremu. Bwana Goodluck akahutubia nusu saa, dakika ishirini na tano akizungumzia uongozi wake mwenyewe, huku akimung'unya mshikaki. Kisha Mwanasha, mpishi wetu, akaleta sinia la kwanza meza kuu.

Onesphory akatazama nyama, hakuigusa.

"Ng'ombe huyu amekaguliwa na nani?"

Sote tukamtazama Bwana Goodluck.

"Mzee, leo pumzika," Bwana Goodluck akacheka. "Kula, wewe umeshastaafu."

"Barua yangu inasema utumishi unakoma leo jioni. Sasa ni mchana." Akanigeukia. "Yassin, mapafu yako wapi?"

"Baba Paroko, leo ni sherehe yako..."

"Wewe mchinjaji au mpiga porojo? Mapafu!"

Nikaenda kuileta ndoo kama mtu anayejipeleka kituo cha polisi. Akavua koti la suti, akamkabidhi Raheli, akapasua kinundu kwa kisu cha mezani. Kikatoka kitu cha njano, kizito kama mtindi uliokaa siku tano. Mwanamke mmoja akakimbilia nje. Alipopasua ini aliloletewa na Mwanasha, likawa vilevile.

"Kifua kikuu. Kimeshasambaa. Ng'ombe mzima shimoni."

"Imechemka tangu asubuhi!" Bwana Goodluck akasimama. "Wadudu wote wamekufa!"

"Na huo mshikaki wenye damu mkononi mwako, nao umechemka?"

Akautazama, akautupa. Halafu akasogea karibu na mzee, akashusha sauti, ila mimi masikio yangu ni ya paka:

"Mzee, ukimwaga chakula hiki hakuna sherehe. Hakuna cheti. Nitaondoka nacho."

Raheli akamtazama mumewe. Nilitegemea atamwomba anyamaze, gauni lile lisipotee bure. Akamwita kwa jina la mtoto wao, "Baba Anselmi, wageni bado hawajala. Wahi."

Onesphory akaliinua sinia mwenyewe. Bwana Goodluck akachukua cheti, yeye na wakubwa wenzake wakapanda gari. Baadaye tukasikia wamekaa Mikumi kando ya barabara wakila nyama choma, wakimwita mzee mkorofi. Nyama ya nani, iliyokaguliwa na nani? Hawakuuliza. Kinyaa cha vinundu nimekizoea. Cha watu hawa kimenikaa kooni.

Tulichimba shimo mimi na yeye, suruali ya suti imejaa udongo. Tukamwaga masufuria yote, juu mafuta ya taa. Mwanasha akatupakulia wali mweupe na kachumbari, tukala watu kumi na mmoja tuliobaki. Onesphory alirudia mara mbili.

Jumatatu mkaguzi mpya hakuwepo. Kukaja ujumbe kwenye simu yangu kutoka ofisini: "Yassin, endelea kuchinja, una uzoefu wa kuangalia nyama."

Uzoefu ninao, na wote ni wa kufunga mdomo. Nikawajibu sichinji mpaka aje mtu wa kunikagua. Leo siku ya tisa. Wenye mabucha wananitukana mpaka na marehemu mama yangu, na ng'ombe wamefungwa nje wanalia njaa.

Nimewapelekea majani.