Toazi la Shemeji

Mtaani walimwita Sikio, na si kwa sababu ya ukubwa wa masikio yake, ingawa nayo hayakuwa haba. Alikuwa fundi mitambo wa bendi. Aliweza kusimama nyuma ya ukumbi uliofurika watu na vumbi, kisha wakati wa mapumziko akamnong'oneza mpiga gitaa kwamba waya wake wa pili umelegea kidogo. Mpiga gitaa angebisha, angeujaribu, halafu angeukaza kimyakimya.

Bendi ilikuja kusambaratika, kama zinavyosambaratika bendi: mmoja alioa mbali, mwingine akaokoka, wa tatu akagombana na wote waliobaki. Lakini kabla ya hapo walirekodi albamu moja katika darasa la shule iliyokuwa likizo, magodoro yameegemezwa madirishani ili kelele za barabarani zisiingie. Mpiga ngoma alikuwa shemeji yake Sikio, mdogo wa mkewe, kijana mpole aliyeviomba radhi hata viti alivyovigonga. Katika wimbo wa mwisho wote walinyamaza kwa pamoja, na shemeji akaligusa toazi lake la shaba mara moja tu, akaliacha lilie mpaka liishe lenyewe. Wenzake walitaka mkia ule ukatwe. Sikio akakataa katakata. Mwaka haukuisha, shemeji akaugua, akafa.

Tangu hapo, kila Jumamosi alasiri Sikio aliiweka CD ile kwenye mashine yake nzito ya zamani, akakaa kwenye kochi, akafumba macho na kulisubiri toazi. Lilififia polepole, likawa uzi, uzi ukawa unywele, na pale ambapo mtu mwingine angesema limekwisha, yeye alikuwa bado analo. Mkewe hakuwahi kukaa kusikiliza. Wimbo ukianza tu, alikumbuka nguo za kuanua. Jambo hilo hawakulizungumza hata siku moja.

Kisha toazi likaanza kuwa fupi.

Mwanzoni alidhani ni vumbi. Akaipangusa CD, akasafisha lenzi. Wapi! Likigongwa lilimeta kidogo, halafu kama vile mtu amelifunika kwa kitambaa. Sikio akafungua mfuniko wa mashine, akakuna kichwa, na kuamua kwamba ugonjwa uko kwenye umeme. Mle ndani kulikuwa na transfoma moja ndogo iliyolisha kila kitu: mota inayozungusha diski, taa za mbele, na ile sehemu nyeti inayogeuza tarakimu kuwa sauti. Alimweleza mkewe kwamba mota na sauti zinakula sahani moja, na mota ina pupa.

"Basi zitenganishie sahani," mkewe akasema, akiendelea kukunja mashuka.

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya. Alikwenda kwa mama muuza vipuri, aliyekaa siku nzima katikati ya redio zilizokufa kama mlinzi wa makaburi. Yule mama alimtafutia transfoma nzito ya mviringo, mfano wa kata ya kubebea ndoo, iliyong'olewa kwenye amplifaya iliyoungua. Akampa na kapasita mpya, nene kama vidole gumba, na kumwonya ajihadhari na zile kuukuu, maana hubaki na umeme tumboni hata mashine ikichomolewa. Sikio akamjibu kwamba yeye aliianza kazi hii mama huyo akiwa bado ananyonya. Kesho yake kapasita ilimrusha mkono akaangusha kikombe cha chai. Mkewe akavifagia vipande.

Alifanyia kazi kwenye meza ya dirishani. Transfoma mpya aliiweka peke yake katika mkebe wa biskuti, mbali na mashine, ili mngurumo wake usiingie kwenye sauti. Mota akaiachia transfoma ya zamani. Alilehemu taratibu, akapima volti, akapima tena, na hakuunganisha waya wa mwisho mpaka roho yake ilipotulia.

Jumamosi ilipofika, alibonyeza kitufe. Kazi ilikuwa imejibu. Besi ilisimama wima. Kati ya wimbo na wimbo kimya kilikuwa kimya kweli, si ule mchakacho wa siku zote. Alisikia hata mwimbaji anavyolowesha midomo. Akasogea ukingoni mwa kochi, akalisubiri toazi.

Likagongwa. Likamezwa.

"Limekatika," alisema, nusu akijiambia mwenyewe.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo kiunoni. Safari hii hakuwa amewahi kutoka.

"Nini kimekatika?"

"Toazi."

"Mbona bado linalia?"

Sikio akageuka kumtazama. Mkewe alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, macho sakafuni.

"Bado," akasema. Baada ya muda akasema tena, "Bado." Kisha: "Sasa limeisha. Halafu kuna kitu kimelia, kama mlango."

"Si mlango," Sikio akasema. "Ni kiti. Alikuwa anainuka."

Mkewe aliliweka beseni chini, akaja kukaa kwenye kochi. Hakuna aliyelia. Sikio aliunyoosha mkono kuelekea kwenye mashine, akaurudisha, maana hapakuwa na kitu cha kurekebisha tena mle ndani.

Daktari wa masikio, binti mdogo mwenye subira, alimweleza kwamba sauti za juu zimemtoka na hazitarudi, na kwamba miaka ya kusimama karibu na spika ina mchango wake. Alimpa kifaa cha kuvaa sikioni. Kilimsaidia kusikia watu, lakini toazi kililifanya lisikike kama bati linalokwaruzwa, kwa hiyo Jumamosi hukivua na kukiweka mezani.

Siku hizi wanakaa wawili. Toazi likigongwa, mkewe huinua mkono wake hewani, na Sikio huutazama. Unashuka kidogo kidogo kadiri sauti inavyofifia, mpaka unatua magotini. Yeye husikia ule mwanzo tu, mmeto mmoja, halafu hubaki na mkono. Mara nyingine humshuku mkewe kwamba anauchelewesha, kwamba toazi limekwisha kitambo na mkono bado uko juu. Hajamuuliza. Naye mkewe, ambaye kwa miaka yote ile alikuwa akikimbilia kwenye kamba ya nguo, sasa ndiye anayesema, wimbo ukiisha:

"Rudisha tena, baba watoto."