Fahari na Fahali

Karatasi inapotoka kwenye printa ikiwa bado na joto hunukia kama nguo iliyopigwa pasi, na harufu hiyo hunitia aibu mpaka leo. Niliijua nikiwa darasa la saba, msimu wa mvua ambao nyanya yangu mzaa baba alifariki kule Manga. Baba alinipeleka Keumbu, kwenye duka la uchapishaji, tukatengeneze kijitabu cha mazishi. Nyumbani tulizungumza Ekegusii, lakini shangazi yangu alikuwa ameolewa Taita, na baba alitaka wakwe wasome habari za mama yake kwa Kiswahili. Mimi ndiye niliyekuwa bingwa wa Kiswahili katika ukoo mzima, na nilihakikisha ukoo mzima unajua. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Aliyetuhudumia alikuwa dada mpole aitwaye Moraa. Kabla ya kuchapisha nakala zote alitoa moja ya kukaguliwa, akanifundisha kuipeleka mlangoni penye mwanga wa jua, kwa kuwa rangi za kwenye kompyuta hudanganya. Kweli, uso wa nyanya ulikuwa umetoka mwekundu kama mtu aliyekasirika, na zambarau ya pembeni ilikaribia kuwa kahawia. Akarekebisha, tukajaribu tena. Maneno ya ukurasa wa mwisho yalikuwa yamesogea sana ukingoni, akayarudisha ndani yasije yakakatwa.

"Soma polepole, mdogo wangu," aliniambia. "Ikishachapishwa haifutiki."

Baba alikuwa anakwenda kwa fundi wa jeneza. "Kwamboka, nakuachia wewe," alisema. "Usiniaibishe mbele ya wakwe."

Chini ya picha ya nyanya, kwenye jalada, paliandikwa: "Fahari ya nyumba yetu." Sasa, sisi wa Kisii ulimi wetu hupenda R. Shuleni tulichapwa kwa kusema "kurara" badala ya "kulala", hata nikawa naiogopa R popote nilipoiona, hata pale ilipokuwa na haki yake. Niliikata kwa kalamu nyekundu, nikaandika L juu yake, kwa madaha. Moraa aliingiza masahihisho yangu yote haraka, maana wateja walikuwa wamepanga foleni, kisha akaitupa ile nakala.

Siku ya mazishi mkwe mmoja mzee alitazama jalada, akajikohoza, akamwonyesha mwenzake. Mabega yao yakaanza kutikisika. Baba alipouliza kuna nini, mzee akamjibu kwa adabu, "Samahani, mkwe. Hapa mmeandika mama alikuwa ng'ombe dume." Nyanya, aliyelea watoto saba na kunibeba mgongoni akichuma chai! Habari ilifika hadi jikoni kabla ya mchungaji kumaliza sala. Nilimwona baba akikigeuza kijitabu chake, jalada likatazama chini.

Jumatatu alinishika mkono mpaka dukani. Mwenye duka alikuwepo. Moraa alipekua takataka, hakupata kitu. Baba akanigeukia. "Kwamboka, wewe ulisoma. Uliandika nini hapa?"

"Niliacha 'fahari'," nikasema. "Sikuigusa."

Moraa alinitazama kidogo tu. Hapakuwa na hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Kama mtoto amesema hivyo, basi ni vidole vyangu," alisema. "Hata mimi hizi R na L hunichanganya." Mwenye duka alimfukuza kazi pale pale, tukiwa tumesimama.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenifikisha mbali: leo mimi ni mhariri, nalipwa kwa kutafuta makosa ya watu. Siku hizi ukurasa unatumwa kwa simu na mteja anajibu "sawa" akiwa juu ya bodaboda, nami huwagombeza na kuwahubiria juu ya uangalifu. Wananiheshimu sana.

Mwaka jana nilishuka Keumbu kununua ndizi. Mama aliyekuwa akizipanga aliinua kichwa, akanitambua kabla sijamtambua. "Wewe ni yule mtoto wa Kiswahili!" Akanishika mikono yote miwili, akaniuliza hali ya baba. "Mwambie kwamba Moraa bado anamwomba msamaha kwa ajili ya mama yake. Kutoka siku ile sijagusa kompyuta tena. Sikuviamini tena vidole hivi."

Mdomo wangu ulifunguka. Watu walikuwa wanatusikiliza.

"Usijali, dada," nikamwambia. "Tulishakusamehe."