Nilipokuwa Mama wa Vifaranga

Enzi zetu, kuku alikuwa mtu wa nyumbani. Alilala jikoni karibu na mafiga, akapita mlango uleule tuliopita sisi, na asubuhi alitangulia kutoka kwa sababu hakuwa na uso wa kunawa. Mtoto wa siku hizi ukimuuliza kuku anatoka wapi, anakujibu kwenye friji, na wala hatanii. Nyie mliokulia vijiji vya Tinde kama mimi, mliokwenda shule mkitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga njiani, mnajua ninachosema. Ukiingia kwenye kaya isiyo na kuku, ulijiuliza kimyakimya hawa watu wamepatwa na nini.

Kwetu mtoto akifika darasa la pili alipewa kuku wake wa kutunza. Siku hiyo haikuwa na hotuba. Mama alimkamata kuku, akakuwekea mikononi, akasema, "Huyu wako. Akifa, umemuua wewe." Basi, umeshakuwa mfugaji. Mimi nilipewa kishingo, wale kuku wasio na manyoya shingoni, mweusi, mkali, mwenye macho ya mtu anayekudai maelezo. Ndugu zangu walimcheka mpaka wakachoka. Nilimpenda kuliko nilivyowapenda wao, na sioni aibu kulisema, maana Kishingo hakuwahi kuniibia karanga.

Kumpenda kuku ni jambo moja, kumlinda ni jingine. Juu kulikuwa na mwewe, chini kulikuwa na nyoka wa kumeza mayai, kicheche alipita kwenye tundu ambalo wewe usingepitisha ngumi, na kule lamboni, tulikonyweshea ng'ombe, kenge alikuwa akijianika juani akisubiri bata wasogee. Tulizungushia banda matawi ya migunga yenye miiba. Vifaranga tuliwafunika kwa tenga na kuweka jiwe juu. Na Mama alikuwa na dawa yake aliyoiamini kuliko zote: alikoroga ile bluu ya kufulia nguo nyeupe, akawachovya vifaranga mgongoni mmoja mmoja. Alisema mwewe akiona kitu cha bluu anasita kwanza, na akisita tu wewe umeshafika. Kwa hiyo vifaranga wetu walizunguka uwanjani kama wanafunzi waliovaa sare, na majirani walipopita walituuliza kama wameshalipiwa ada.

Sasa, jirani yetu Mama Shija alikuwa na bata, mbegu ambayo mumewe aliileta kutoka Nkome, huko ziwani alikokwenda kununua dagaa. Bata wa Mama Shija walitaga vizuri lakini hawakuwa na subira ya kuatamia. Walikaa siku tatu, wakasikia mvua, wakaondoka. Akaja kwa Mama wakakubaliana kufugishana, kama ilivyokuwa desturi: yeye analeta mayai, sisi tunatoa kuku wa kuatamia, na watakaoanguliwa tunagawana nusu kwa nusu. Kuku aliyechaguliwa alikuwa Kishingo wangu. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Mama akanifundisha hesabu yenyewe. Yai la bata linakaa wiki tano chini ya kuku, la kuku linakaa wiki tatu. Ukitaka waanguliwe pamoja, unaweka ya bata kwanza, unasubiri wiki mbili, ndipo unaongeza ya kuku. Siku ileile tulipoweka mayai matano ya bata, Mama alikuwa anafunga mzigo kwenda Mwakitolyo kumhudumia dada yake aliyejifungua. Akanipa mkebe wa maharage: kila asubuhi nitoe punje moja, zikiisha kumi na nne niweke mayai sita ya kuku. "Umeelewa, mayu?" aliniuliza. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo alivyoniita alipokuwa ananipenda au ananituma. Nikasema nimeelewa.

Sikuelewa. Au tuseme niliona nina akili kuliko yeye. Nilikaa jikoni nikamtazama Kishingo na yale mayai matano, nikajiambia: hawa watalelewa na mama mmoja, wawe ndugu, sasa wataanzaje kuwa ndugu kama wengine wameingia leo na wengine wataingia mwezi unaokuja? Mama hajafika hata Mwakitolyo, mimi nimeshaongeza mayai sita ya kuku. Yale maharage niliyachemsha nikayala.

Mama alirudi baada ya wiki mbili, akahesabu mayai, akaona kumi na moja, akanisifu mbele ya Mama Shija. Nikazipokea sifa. Wiki moja baadaye, asubuhi, tukasikia milio jikoni. Vifaranga sita wa kuku walikuwa wametoka, wamekauka vizuri, na Kishingo ameshanyanyuka anataka kuwapeleka nje. Mayai matano ya bata yalikuwa yamebaki nyuma, bado na wiki mbili mbele yao. Mama alinitazama. Mimi mwenyewe nilianza kulia na kusema kila kitu, pamoja na habari ya maharage.

Mlioishi na mama wa Kisukuma mtashangaa kwamba sikuchapwa. Aliinama, akawakusanya vifaranga wote kwenye kanga yake, akamsukuma Kishingo arudi kwenye mayai. Akasema, "Yale ni mayai ya watu, hayawezi kupoa. Kuku atabaki nayo. Hawa umewanyang'anya mama yao wewe, basi mama yao ni wewe." Akaniwekea wote sita kwenye gauni.

Ndivyo nilivyopata watoto nikiwa na miaka minane.

Tulichukua boksi la sabuni, tukalijaza pamba iliyobaki msimu ule, na katikati tukaweka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Hata hivyo asubuhi ya kwanza mmoja alikuwa amekufa, amelala chali na vidole vimekunjamana. Nilimzika nyuma ya choo. Nilijua nani kamuua, nilishaambiwa. Wale watano niliapa watakua. Nilitega mchwa kwa kufunika samadi na mabua chini ya chungu kibovu, nikamwagia maji jioni, na asubuhi nilifunua nikawapa. Nilisaga mtama mpaka viganja vikaota malengelenge. Niliiga sauti ya Kishingo, ile ya kwenye koo anayowaitia watoto chakula, huku nikigonga ardhi kwa kidole badala ya mdomo. Walikuja. Siwezi kuwaeleza raha niliyoipata walipokuja mara ya kwanza. Walinifuata kisimani, walinifuata chooni wakanisubiri mlangoni, na siku moja walinifuata nusu ya njia ya shule wakiwa na bluu zao mgongoni, ikabidi nirudi nao na nichelewe kuhesabiwa namba. Mwalimu aliuliza sababu, nikasema watoto wangu. Nilipigishwa magoti, darasa zima likicheka.

Lakini mtoto ni mtoto. Jumamosi moja wenzangu walikuwa wanacheza rede uwanja wa pili, na mimi kwenye rede nilikuwa moto. Nilikuwa nimeondoa tenga ili vifaranga waote jua. Nikasema nitacheza mzunguko mmoja tu. Niliporudi walikuwa wanne, wamejibana chini ya kinu, hawalii kabisa, na vimanyoya viwili vya bluu viko chini. Nilikimbia shambani kumwambia Mama kwamba mwewe mbaya amenionea. Aliendelea kupalilia. "Mwewe alikuwa kazini," akasema. "Wewe ulikuwa wapi?" Hilo swali nimetembea nalo mpaka leo. Sikucheza rede tena msimu ule.

Wiki tano zilipotimia, mayai manne ya bata yalianguliwa na moja likawa viza. Mama Shija alikuja akashangilia. Mimi nilikuwa na furaha yangu nyingine: Kishingo amemaliza kazi ya watu, sasa watoto wake warudi kwake. Niliwaogesha bluu upya ili wapendeze, nikawapeleka mwenyewe. Yule mdogo kuliko wote alimkimbilia. Kishingo alimdonoa kichwani damu ikatoka. Akamfukuza wa pili, akamrukia wa tatu, akarudi kwa bata wake wa manjano akiwabembeleza kana kwamba ndio aliowataga. Nililia nikiwa nimekaa kwenye vumbi. Mama alimpaka kifaranga yule majivu kwenye kidonda, akaniambia, "Kishingo hawajui tena, mayu. Wiki mbili kwa kuku ni miaka."

Basi tukaishi hivyo, familia mbili uwanja mmoja. Kishingo na bata wake upande wa banda, mimi na wanangu wanne upande wa jiko. Wakisogea anawadonoa, wanarudi kwangu mbio. Nikaona sawa, kama yeye hawataki, nitawalea mimi mpaka wawe majogoo.

Mchana mmoja, baada ya mvua kubwa, nilikuwa natoka kisimani na ndoo kichwani. Wanangu walikuwa katikati ya uwanja wanaparua udongo laini, mbali na jiko, mbali na kila kitu. Nikaona kivuli kinapita juu ya ukuta wa nyumba. Nilitupa ndoo nikaita kwa ile sauti ya kooni. Walinyanyua vichwa wakanitafuta. Nilikuwa mbali, wenzangu. Nilikuwa nakimbia na nilijua kabisa kwamba sitafika, na miguu kwenye lile tope ilikuwa inazidi kuwa mizito.

Kishingo akapiga mlio. Haukuwa ule mlio nilioujua mimi, huu sikuwahi kuuiga na nisingeweza. Akajitanua mpaka akawa mkubwa mara mbili, ile shingo tupu imekuwa nyekundu, na bata wanne wakaingia chini yake. Na wanangu, ambao alikuwa akiwadonoa wiki nzima, ambao nilikuwa nimewasagia mtama na kuwategea mchwa, waligeuka wakanipa mgongo. Walikimbilia kwake. Wote wanne waliingia, na safari hii hakumdonoa hata mmoja. Mwewe alishuka, akamkuta Kishingo amesharuka hewani makucha mbele, akapanda tena juu mikono mitupu.

Nilifika nikihema. Uwanja ulikuwa kimya. Chini ya mbawa za Kishingo nilihesabu vichwa vinane, vinne vya manjano na vinne vya bluu. Nilipiga magoti nikaita polepole. Mmoja alichungulia, akanitazama, akarudi ndani. Nilifurahi, Mungu anajua nilifurahi, kisha nikarudi peke yangu kuokota ndoo. Jioni ile boksi la sabuni lilibaki na pamba yake tu. Mama aliniona nimelishika, akasema, "Ulitaka wakae na wewe mpaka waolewe?" Nilicheka nikiwa ninalia. Akanimegea kipande kinono cha kiazi akaniacha nikae karibu yake mpaka moto ukazimika.

Wale wanne walikua wote. Mama hakuchinja hata mmoja bila kuniuliza kwanza, na niliposema hapana aliweka kisu chini akaenda kutafuta mboga kwingine, hata kama mgeni ameshakaa.

Leo nafuga Geita mjini, karibu na barabara ya kwenda migodini. Vifaranga wangu wanatoka kwenye mashine, mamia kwa wakati mmoja, na wanakuja kwa basi ndani ya maboksi yenye matundu. Binti yangu ndiye fundi. Kifaranga akipiga chafya yeye anafungua simu, anamwona daktari ambaye hajawahi kukanyaga Geita, anajua dozi. Nikimwambia habari za bluu ya kufulia anacheka mpaka anakaa chini. Simlaumu. Juu ya banda kuna wavu, chini kuna saruji, na mwewe akipita vifaranga wanamtazama tu wanaendelea kula, hawajui hata huyo ni nani. Sijawahi kupotelewa na hata mmoja.

Wakitimiza uzito, vijana wa hoteli wanakuja na pikipiki zao, wanawapakia, wanaondoka. Nafunga geti naingia ndani kunywa chai. Juzi nilikaa na kikombe changu nikajaribu kumkumbuka hata kuku mmoja niliyemuuza mwaka huu, sura yake, rangi yake, tabia yake. Sikumkumbuka hata mmoja. Wote wamekua salama na hakuna hata mmoja niliyewahi kumlilia, na hilo, wenzangu, linaniuma.