Mtumbwi wa Matunda

Harufu ya papai lililoiva kupita kiasi hunirudisha kijijini kwetu Hewani kila asubuhi, nitake nisitake. Hunipokea mlangoni mwa ukumbi wa kulia wa hoteli moja hapa Malindi, ninapokwenda kuwachukua wageni wangu, maana kazi yangu ni kuwatembeza watu mjini na kuwasimulia habari zake. Katikati ya ukumbi huo kuna mtumbwi uliolazwa juu ya magogo, na ndani yake hupangwa mapapai, mananasi na ndizi, ili mgeni ajipakulie kabla ya kwenda kuota jua. Wageni huupiga picha. Kisha huniuliza yale yale: watu wa mji huu ni wangapi, na walitoka wapi? Nami nina jibu nililolizoea kama sala. Huwatajia Waswahili wa kale waliojenga kwa mawe ya matumbawe, na twiga aliyepelekwa Uchina, na Wareno na nguzo yao, na mashamba ya Waarabu pamoja na watumwa walioyalima bila kuulizwa, na Wagiriama, na Wabajuni, na Wahindi wa maduka, hadi Waitaliano waliokuja kupumzika wakasahau kurudi kwao. Ni historia tamu, na karibu kila aliyetajwa ndani yake alikuja akiwa na shughuli yake au baadaye akaandikwa kitabuni. Sisi tuliokuja kwa lori kutoka Garsen, nguo zimetukaukia mwilini, hatumo.

Nilizaliwa Hewani, kando ya Mto Tana, mahali ambapo msitu unauegemea mto na nyani huamka kabla ya watu. Baba alikuwa mkulima wa ndizi, mahindi na mpunga, kama Wapokomo wote tuliowajua, na alikuwa mchongaji wa mitumbwi. Wetu aliuchonga kabla sijazaliwa, na ulipopasuka upande wa nyuma aliubandika kipande cha debe la mafuta, akakipigilia misumari na kuziba kwa nta. Kile kipande kilikuwa na picha ya mtende iliyofifia, na nilipokuwa mdogo nilidhani ndilo jina la mtumbwi. Ng'ambo ya mto ilikuwa nchi ya Waorma, watu wa ng'ombe. Nyumbani kwetu palikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika wala kuihubiri: mtu akisimama ng'ambo akaita, unakwenda kumchukua. Huulizi ni nani. Huulizi kama mmegombana wiki iliyopita juu ya ng'ombe walioingia shambani, na mara nyingi kweli mlikuwa mmegombana. Unamvusha kwanza, matusi yatafuata mkiwa nchi kavu. Baba alishawahi kumvusha mtu aliyekuja kumshitaki, akamngoja amalize kumshitaki, akamrudisha.

Aliyeita zaidi ya wote alikuwa Mama Halima. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti ambayo mama alisema ingetosha kuwaamsha samaki. Alileta maziwa katika vibuyu vilivyofukizwa moshi, akaondoka na mahindi na ndizi, na wala hapakuwa na haja ya kupimana. Bintiye Halima alikuwa rika langu. Nilimfundisha kuchuma mabungo msituni, naye alinifundisha kumkaribia ng'ombe bila kuogopa, kwa kumwimbia kwanza. Mimi nilimwonea wivu kwa sababu yeye alijua kuvuka mto kwa kushika mkia wa maksai, kama wafanyavyo wafugaji, na mimi mtoto wa mtumbwi nilikatazwa hata kuogelea peke yangu kwa ajili ya mamba. Halima alinicheka. Alisema mamba wa Hewani wanapenda Wapokomo tu, kwa sababu wananukia samaki.

Kisha mto ukatuhama. Hilo ni jambo ambalo watu wa mjini huniona mwongo nikiwaeleza. Tana huchoka na njia yake, ukachimba nyingine, na kijiji kilichokuwa kando ya maji kikabaki kando ya mchanga. Msimu hadi msimu maji yetu yalipungua, mpaka yakawa vidimbwi, na Mama Halima akawa anavuka kwa miguu, vibuyu mgongoni, bila kumwita mtu. Mitumbwi ikaanza kuoza. Jirani mmoja aliupasua wake kuni, mwingine akaugeuza kihori cha kulishia mbuzi. Wa baba ulikuwa wa mvule mzuri, ukalala kifudifudi chini ya mwembe, na bibi, mama yake baba, akapata mahali pa kuanikia mpunga. Nakumbuka ukimya wa miaka ile. Hakuna aliyeita ng'ambo. Sisi watoto tulicheza mpira pale ambapo zamani tungezama, na wazee walisimama ukingoni jioni wakitazama mchanga kama watu waliofiwa.

Ndipo alipotokea mtu kutoka Malindi, amevaa viatu vyeupe ambavyo vilitufurahisha sana kwa jinsi alivyohangaika kuvilinda. Alikuwa akizunguka vijijini kutafuta vitu vya kale kwa ajili ya hoteli: vinu, vibuyu, milango, mitumbwi. Alisema Malindi imejaa wageni na wageni wanapenda kitu kilichotumika. Baba alimcheka kwanza. Lakini mama alikuwa ameomba paa la mabati tangu kuolewa kwake, na makuti yetu yalivuja kila masika, na majirani wawili walikuwa wameshaezeka. Usiache mbachao kwa msala upitao, waliosema hivyo waliyaona mengi, ila baba aliamini kwamba mbachao wake ulikuwa umeshakwisha. Mtumbwi usio na mto ni gogo, alisema. Aliyepinga alikuwa bibi peke yake, na si kwa hekima yoyote. Aliuliza mpunga wake ataanika wapi. Tulicheka. Vijana waliubeba mtumbwi hadi barabarani wakiimba, nami nilikimbia nyuma yao nikikitazama kile kipande cha debe, na nililia bila kujua ninalilia nini. Mama Halima hakuliona hilo. Siku hizo walikuwa mbali na ng'ombe wao, wakitafuta malisho, kama ilivyokuwa desturi yao kila kiangazi.

Mabati yalipofika tulilala chini yake kama wafalme. Tuliingoja mvua ili tusikie mlio wake. Lakini mvua ile haikunyesha kwetu, ilinyesha bara, milimani, kusikojulikana, na sisi tuliona anga safi siku zote hadi asubuhi tulipousikia msitu ukivuma wakati hapakuwa na upepo. Baba alitoka nje akiwa na mswaki mdomoni. Maji yalikuwa yanakuja katika njia yao ya zamani, mekundu, yakisukuma mbele yao povu, magogo na nyoka. Kufika saa ya kula, mto ulikuwa umerudi wote, tena na zaidi, umemeza mashamba pande zote mbili na kutuacha juu ya kile kijilima cha kijiji kama kuku juu ya dari. Sikuwahi kuogopa namna ile, na bado ninakumbuka kwamba sehemu ya moyo wangu ilifurahi kuuona mto tena.

Ilikuwa mchana, jua kali, tulipoisikia sauti. Ilipita juu ya maji yote yale kana kwamba hakuna kilichobadilika, ikimwita baba kwa jina langu.

“Baba Rehema! Leta mtumbwi! Sisi nasimama hapa, maji nakuja!”

Walikuwa wamerejea kutoka malishoni wakakutwa na mafuriko njiani. Tuliwaona vizuri: Mama Halima, Halima, na ng'ombe wachache juu ya kichuguu kilichokuwa kikipungua. Baba alisimama ukingoni. Alipaza sauti akasema hana mtumbwi, ameuuza, lakini upepo ulikuwa unatoka kwao kuja kwetu, na maneno yake yalirudi yakamwangukia miguuni. Alitikisa mikono. Mama Halima naye akatikisa yake, akadhani amesalimiwa, akakaa chini kungoja. Hicho ndicho kilichonichoma na kinachonichoma mpaka leo, kwamba alikaa. Alikuwa ameita, na anayeita hufuatwa, basi akaketi akampakata bintiye kama mtu aliye kituoni.

Baba hakukaa. Walikata migomba, yeye na wanaume wengine, wakafunga chelezo, na mkondo ukakivunja kabla hakijafika katikati; nusura tumpoteze baba, walimvuta kwa kamba. Wakafunga cha pili. Wakati huo wote sauti iliendelea kuita, kwanza kwa hasira, kisha kwa mzaha, kisha kwa jina la baba tu. Mwisho tukamwona Mama Halima amesimama, anamfunga Halima kanga kiunoni, anamkabidhi mkia wa maksai mwekundu. Alifanya kile ambacho watu wake wamekifanya tangu enzi na enzi. Maksai aliingia majini, na kile kichwa kidogo nyuma yake kilionekana, kikapotea, kikaonekana. Mama alinifunika macho kwa kanga yake. Nilipoitoa, maksai alikuwa anapanda ukingoni upande wetu, chini kidogo ya kijiji, akihema, akitikisa masikio. Alikuwa peke yake.

Mama Halima aliokolewa baadaye na watu waliokuwa na mashua. Tulikutana naye Garsen, sisi sote tulipokuwa tumelazwa chini ya maturubai, Wapokomo upande huu na Waorma upande ule, uji ukitoka katika sufuria moja. Baba alikwenda kwake, akavua kofia, akamweleza: mtumbwi niliuuza, uko Malindi. Watu walisogea kusikiliza. Yeye alimtazama karibu kwa upole, kama mtu anayetazama mtoto akisema uongo.

“Mpokomo bila mtumbwi?” alisema. “Wewe nadanganya mimi. Sema tu hukutaka kuja.”

Neno hilo lilitembea haraka kuliko gari. Baada ya siku chache lilikuwa limeshakua, likawa si mtu mmoja tena: Wapokomo waliwaangalia Waorma wakizama, wakawanyima mitumbwi. Wakubwa waliokuwa wakigombania malisho na mashamba walilipokea kama mtu anayepokea kuni. Katika miaka iliyofuata, kila lilipotokea jambo baya kati ya pande mbili zile, na yalitokea mabaya, nilimwona baba akiinamisha kichwa kana kwamba yeye ndiye aliyewasha moto. Haikuwa hivyo, mabaya yale yalikuwa na mizizi mirefu kuliko mtumbwi wetu. Ila mwambie hivyo mtu ambaye aliitwa akashindwa kwenda. Hewani hakurudi tena kuishi. Tuling'oa mabati, tukayafunga juu ya lori, tukaja Malindi, tukajenga chumba huko Muyeye miongoni mwa watu wengine waliofukuzwa na maji au na majirani. Mtaa wetu una Mpokomo, Mgiriama, na Muorma anayeuza maziwa mlango wa tatu. Kila asubuhi huyo wa maziwa anapoita, baba husimama kabla hajajua kwamba amesimama.

Leo Garsen ina daraja na lami, na mtu aweza kunywa chai ya asubuhi Hewani na kula cha mchana Malindi. Kila mtu ana simu. Akiwa ng'ambo hapigi ukelele, anapiga namba, na salio likiisha hana wa kumwita. Mafuriko bado yanakuja, tena siku hizi yanakuja mara nyingi kuliko tulivyozoea, na kila yanapokuja, Malindi huongezeka watu ambao hakuna mgeni atakayewapiga picha. Sijui kama tulikuwa watu wema zaidi zamani. Tuligombana sana. Lakini tulikuwa na sheria moja iliyokuwa juu ya ugomvi, na katika mji huu mkubwa, wenye walinzi kila lango, sijaona iliyo mfano wake.

Nilipokitambua kile kipande cha debe chini ya mapapai, mtende wake bado unaonekana, nilikaa na habari hiyo kwa miezi mingi bila kumwambia baba. Mwaka jana nilimwambia. Aliomba nimpeleke. Nilimvalisha shati lake la kanisani, nikamwombea ruhusa kwa msimamizi wa ukumbi, tukaingia wageni walipokuwa wamepungua. Baba aliuzunguka mtumbwi polepole. Aliinua sinia la matunda akalishikilia kifuani, akapitisha kiganja ndani, kwenye ubao, akakibonyeza kile kiraka alichokipigilia mwenyewe. Alisema hauvuji, hata leo ungefika ng'ambo. Kisha akanigeukia.

“Rehema,” alisema, “mtafute Mama Halima, kama yu hai. Umlete hapa auone. Ajue sikumdanganya.”

Mhudumu alikuja akatuomba radhi, kuna wageni wanataka matunda. Baba alilirudisha sinia mahali pake, akalinyoosha vizuri, akapisha njia. Wageni wale walikuwa wangu. Mmoja wao, huku akijipakulia papai, aliniuliza watu wa mji huu walitoka wapi. Nilimtazama baba amesimama ukutani na kofia mkononi, nami kwa mara ya kwanza sikuanza na Waswahili wa kale wala na twiga. Nilianza na mtu aliyesimama ng'ambo ya mto, anaita.